Uchambuzi wa kisa: Jeneza lililokuwa likinywa faida ya baa

Kabla ya yote

Jina la baa, la mtaa na la ukoo nimeyaondoa, na bei nimezizungusha ili hesabu ifuatike. Wahusika nawaita kwa nafasi zao: Mzee, Bibi, Kaka Mkubwa, Dada wa Jikoni, Kitinda Mimba, Shangazi na Binamu. Nilipomwomba Bibi ruhusa ya kuandika, alinijibu, "Andika tu, mwanangu, ila usiseme natoka kijiji gani, huko bado nadaiwa debe."

Mimi ni mtu wa hesabu. Nafunga vitabu vya maduka, gereji na baa za mitaani, zile ambazo mwenye mali, mtunza fedha na mteja mkubwa mara nyingi ni mtu mmoja. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi hii, na kwa familia zenye biashara na hadithi nzuri nyuma yake.

Usuli

Baa iko Dar es Salaam, mtaa wa ndani. Ina uwanja wenye mwembe mmoja, meza za plastiki, kaunta ya mbao iliyofungiwa nondo, na jiko la mkaa pembeni. Asubuhi kuna supu, mchana pamelala kama grosari, na ikifika saa 10 jioni wahudumu wanaanza kuzunguka na swali lao, "Baridi au moto?" Kwa msomaji asiye wa huku: bia ya moto haijachemshwa, imetoka rafuni bila kupita kwenye friji, na wazee wengi hawataki nyingine.

Jiko linauza mbuzi choma, kitimoto (nyama ya nguruwe) na ndizi. Linaendeshwa na Dada wa Jikoni, binti wa pili wa mwenye baa. Kama ilivyo katika baa nyingi za Dar, kaunta na jiko ni biashara mbili chini ya bati moja: mwenye baa anauza vinywaji, mwenye jiko anapanga. Kwa hiyo Dada alikuwa akimlipa kaka yake Sh 300,000 kila mwezi, kodi ya kuchomea nyama kwenye uwanja wa mama yake mzazi. Nilipomwuliza kama hilo halimkeri alinitazama, akageuza ubavu wa mbuzi, akasema, "Wewe andika."

Ukoo ni wa Kilimanjaro. Mzee alikuwa mwajiriwa wa shirika la umma hapa mjini, na Bibi alikuwa akipika mbege, pombe ya Kichagga, uani tangu miaka ya 1970. Mzee alifariki mwaka 2019 bila wosia. Leseni ilibaki kwa jina lake, mita ya umeme kwa jina lake, kiwanja kwa jina lake. Kaka Mkubwa akashika funguo, na hakuna aliyemwuliza kwa ruhusa ya nani.

Novemba 2022 waliniita kwa sababu walitaka mkopo wa kubadili bati na kuweka vigae. Benki iliomba hesabu za miaka 2. Walinikabidhi madaftari 9 ya mistari yaliyonuka moshi.

Safu ya J

Daftari la kaunta lilitunzwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila siku ina mzigo ulioingia, chupa zilizouzwa, chupa tupu zilizorudi, madeni. Halafu, pembeni kabisa kulia, kuna safu yenye herufi moja tu juu yake: J.

Nikadhani ni Jumla. Lakini haikujumlisha kitu. Nikamwuliza Kaka Mkubwa.

"J ni Jeneza."

"Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe."

Oktoba 2022 pekee, safu ya J ilikuwa na chupa 212. Zilizouzwa kwa fedha mwezi huo zilikuwa 3,400 hivi. Chukulia chupa inanunuliwa Sh 1,600 na kuuzwa Sh 2,000. Faida kabla ya umeme na mishahara ni Sh 400. Chupa 1 ya bure inakula Sh 1,600, yaani faida ya chupa 4. Hizo 212 zilikula Sh 339,200, karibu robo ya Sh 1,360,000 ambazo kaunta nzima ilitengeneza. Kwa maneno mengine, wahudumu walifungua chupa 848 mwezi ule ili kulipia tu watu wa J.

Na watu wa J ni akina nani? Ni wajukuu na vitukuu wa waliobeba jeneza.

Hadithi kama Mzee alivyoisimulia

Nimesimuliwa na watu wasiopungua 15, wote wakicheka sehemu zilezile, kwa hiyo naamini nimeipata karibu kama ilivyokuwa ikitoka mdomoni mwake.

Mwaka 1983. Waziri Mkuu Edward Sokoine ameanzisha msako wa wahujumu uchumi. Mwenye bidhaa nyingi ndani bila maelezo anakamatwa, na watu wanatupa mali zao usiku ili wasikutwe nazo. Mzee ana makreti ya bia chumbani. Bia ya chupa wakati ule ni adimu, inapatikana kwa kibali au kwa kujuana, na Mzee hana kibali. Afanyeje? Anachonga jeneza la mninga, anapanga chupa ndani kama anavyolazwa mtu, anafunika shuka nyeupe, anakodi lori kwenda Moshi kumzika "mjomba". Hakuna askari atakayefungua jeneza la Mchagga anayerudishwa kwao.

Shida ni barabara. Kila lori likipiga shimo, marehemu analia kengele. Kwa hiyo akina mama nyuma ya lori wamepewa amri: shimo likionekana, kilio kipande. Kufika Mombo sauti zimewakauka, na dereva naye, kwa huruma, anaanza kukwepa mashimo ili wafiwa wapumzike. Penye kizuizi askari anavua kofia. Lori linapoondoka anasikia chupa zinagongana. Anauliza, "Marehemu alikuwa na nini?" Mzee anajibu, "Meno ya dhahabu, afande."

Hapo baa nzima ilikuwa inaanguka kwa kicheko, na Mzee alikuwa anamaliza kwa kugonga kaunta mara 3: mbao hizi ndizo za jeneza lile, na waliolibeba, wao na uzao wao, hawalipi hapa.

Waliobeba, katika hadithi ya mwanzo, walikuwa 4. Katika orodha niliyotengeneza kwa kuuliza kila mnywaji wa J anatokana na nani, walifika 11. Nilimwambia Kaka Mkubwa kwamba hilo si jeneza tena, ni timu ya mpira, na bado hatujahesabu wa akiba.

Jambo moja la kusifu: jikoni hakukuwa na J. Miaka ya nyuma Binamu mmoja alijaribu kuomba robo ya mbuzi kwa heshima ya babu yake. Dada alimjibu, "Mbuzi hakubebwa kwenye jeneza," na mjadala ukaishia hapo. Mizani yake iko mezani mbele ya mteja, nyama inapimwa mbichi, mteja anasoma mshale mwenyewe kabla haijaenda juu ya wavu. Nyama ikiiva inapungua karibu theluthi, na ugomvi wote wa nyama choma mjini huzaliwa na theluthi hiyo. Kwake ugomvi haupo kwa sababu mteja ameona kilo yake ikiwa bado nyekundu. Nilipolinganisha vitabu, jiko lilikuwa na faida safi kuliko kaunta, pamoja na kodi aliyokuwa akilipa.

Kaunta inanyanyuliwa

Walianza ukarabati kabla ya jibu la benki, kwa fedha zao kidogo. Fundi wa vigae alitaka kaunta iondoke. Ikafunguliwa nondo, ikapinduliwa, ikawekwa chini ya mwembe miguu juu. Nilikuwepo kwa bahati, nimekuja kuchukua risiti.

Kaunta ni mbao 2 pana zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kila moja na urefu wa futi 6 hivi. Upande wa juu umelainishwa na viwiko vya miaka. Ukiinama kuutazama mwanga ukiwa pembeni, unaona matundu ya skrubu yaliyozibwa, mawili mawili, jozi 3 kila ubao. Jozi 6 kwa jumla. Hizo ni nafasi za vishikio. Kwa hiyo jeneza lilikuwepo kweli, na mbao hizi zilikuwa ubavu wa kushoto na wa kulia. Sikutegemea hilo. Nilikuwa tayari nimeandika kwenye rasimu yangu kwamba ni porojo.

Upande wa chini, ambao zamani ulikuwa ndani ya jeneza, fundi alipopangusa utando wa buibui paliibuka maandishi ya penseli bapa ya seremala: *ulezi d. 6*.

Kaka Mkubwa alisoma mara 2, akasema huenda ni jina la fundi. Dada wa Jikoni akaja na mikono ya mafuta, akasoma, akacheka peke yake kwa muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Bia haipimwi kwa debe."

Asiyejua mbege anahitaji maelezo hapa. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Kando, ulezi unaoteshwa kuwa kimea, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Vinachanganywa, na maganda ya mti wa msesewe yanatia uchungu. Ndizi za kuiva zinapatikana Dar. Ulezi mwingi na wa bei nafuu ulikuwa unatoka mbali, na biashara ya nafaka miaka ile ilikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Mtu binafsi hakuruhusiwa kuvusha magunia kutoka mkoa hadi mkoa kama apendavyo. Masharti hayo yalianza kulegezwa mwaka 1984. Madebe 6 ya ulezi, mwaka 1983, yalikuwa kesi. Na uzito wake ni wa marehemu mnene kiasi.

Kikao cha Desemba

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wapi na lini. Kaka Mkubwa alitaka tangazo ukutani: kuanzia Januari, J imefutwa. Nilimzuia. Watu waliokunywa bure kwa haki, kwa jinsi wanavyoijua haki, hawawezi kunyang'anywa kwa karatasi na gundi. Desemba ukoo wote unapanda mlimani hata hivyo. Tukakubaliana kikao kifanyike huko, uani kwa Mzee, kaburi lake likionekana.

Uamuzi wa pili ulikuwa nani aanze kusema, na huu niliusisitiza mimi: Bibi. Kwa desturi ya kikao kile wanaume ndio hufungua. Nilitoa sababu ya kihasibu, kwamba yeye pekee kati ya waliokuwa kwenye lori ndiye bado yu hai. Walikubali bila shida. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwuliza, na ninavyofikiri walidhani atasimulia ileile.

Alianza kwa kuagiza ubao usogezwe. Tulikuwa tumepanda nao ule wenye maandishi, juu ya basi, na ndiyo, kondakta aliuliza.

"Gari lilitoka huku kwenda Dar," akasema Bibi, "halikutoka Dar kuja huku."

Kaka Mkubwa akaruka. "Mama, tangu lini Mchagga akapelekwa kuzikwa Dar?"

"Ndiyo maana hatukusema kuna maiti. Tulisema jeneza tupu, tunamfuata marehemu Muhimbili. Askari akasema, tupu mbona linabebwa na watu wanne na migongo imepinda? Baba yako akasema, ni mninga, afande."

"Na chupa?"

"Chupa gani? Bia yenyewe tulikuwa hatuioni."

Shangazi, dada yake Mzee, akaongeza jambo ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko safu nzima ya hesabu. Alisema katika utoto wa Kaka Mkubwa hadithi haikuwa na kengele za chupa. Kengele ziliingia baadaye, bia ilipojaa. Inawezekana sana. Kiwanda cha bia kilichokuwa mikononi mwa serikali kiliingia ubia na wawekezaji wa Afrika Kusini mwaka 1993, na baada ya hapo bia ya chupa ikaacha kuwa kitu cha kutafuta kwa kujuana. Baa ilipobadilika kutoka mbege kwenda chupa, hadithi nayo ilibadilishiwa mzigo.

"Ulilia lakini?" mjukuu mmoja akauliza.

"Nililia kweli. Mtu alinikanyaga."

Kisha tukafika kwa wabebaji. Bibi alikunja kidole kimoja kimoja. Mzee. Kaka yake Bibi. Na vijana 2 wa stendi. "Hao wawili niliwalipa palepale, kwa fedha yangu ya mbege. Mtu aliyelipwa anadai nini tena?"

Kimya kilichofuata nilikisikia hadi kwenye kalamu. Katika wabebaji 11 wa orodha yangu, 9 hawakuwahi kuligusa jeneza au walishalipwa. Wa 10 ni Mzee, ambaye uzao wake ndio wenye baa. Wa 11 ni kaka yake Bibi. Huyu alihamia Upare, akaoa huko, akawa Msabato. Uzao wake hauonji bia wala haukaribii kitimoto.

Tulichoamua, na kwa nini

J haikufutwa. Hilo lilikuwa wazo la Dada wa Jikoni na lilikuwa bora kuliko langu. Ilibaki safu ile ile, ikawekewa masharti: mbebaji anayetambuliwa na Bibi, uzao wake, chupa 1 kwa mtu kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya Mzee. Tungeifuta, kila mmoja angeona amefukuzwa ukooni. Kwa kuiacha, waliotoka walijikuta wametoka kwa hesabu ya Bibi, na kubishana na Bibi mbele ya kaburi la Mzee hakuna aliyethubutu.

Jambo la pili lilikuwa zito na halikuchekesha. Kama ulezi ulikuwa wa Bibi na wapagazi walilipwa na Bibi, mtaji wa baa ulikuwa wa nani? Kwa miaka 39 hadithi ilisema ni ujanja wa Mzee. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Ni kwamba mwanamke katika hadithi ile alikuwa na kazi moja, kulia penye mashimo. Risiti ya kiwanja ina jina la Mzee, na Bibi hakuwa na karatasi hata moja.

Niliwakumbusha kwamba mwaka uleule wa 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si mirathi, na mimi si wakili, nilisema hivyo. Lakini kama kupika ugali kunahesabika, madebe 6 ya ulezi yaliyovushwa kizuizini yanahesabika zaidi.

Walikubaliana Kaka Mkubwa na Dada wawe wasimamizi wa mirathi kwa pamoja. Muhtasari wa kikao ukaandikwa, ukasainiwa, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mali ikishatambuliwa, baa iwe kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara: Bibi hisa 40, Kaka Mkubwa 25, Dada 25, Kitinda Mimba 10. Huyu wa mwisho alipata chache kwa sababu kimila nyumba ya mlimani ni yake tayari, na hakulalamika. Kodi ya jiko ikabaki, ila inalipwa kwa kampuni, na Dada sasa ana robo ya kile anachokilipa.

Kilichofuata

Mkopo haukutoka. Benki haikukubali kiwanja kilichoandikwa jina la marehemu, na mirathi ilikuwa bado inatembea. Bati lilibadilishwa kwa awamu, kwa fedha ya kaunta, na fedha hiyo ilikuwepo kwa sababu mwezi wa 6 baada ya kikao safu ya J ilikuwa na chupa 19. Hizo 19 ni udhaifu wa Kaka Mkubwa mwenyewe. Kuna wajomba ambao hawezi kuwatazama usoni wakinywa maji.

Binamu, mjukuu wa mbebaji namba 7, alikasirika. Alisusa mwezi mzima, kisha akafungua grosari yake upande wa pili wa barabara na kuandika ukutani kwamba kwake ndiko kwenye hadithi ya asili. Huko anasimulia ile ya chupa na meno ya dhahabu. Anaisimulia vizuri, niseme ukweli. Wateja kadhaa walihama. Wengi wao, nilipopitia daftari la madeni, walikuwa wale ambao kuhama kwao ni nafuu.

Halafu kuna ukuta. Nilishauri hadithi ichorwe ukutani kama tangazo, kwa kuwa kila mtaa una baa na hakuna nyingine yenye jeneza. Fundi rangi alikuwa na kipaji kupita kiasi. Alichora jeneza la mninga, vishikio vinang'aa, kivuli chini yake, futi 6 kamili, nyuma ya meza 3 bora chini ya mwembe. Jioni ya kwanza bodaboda alipita taratibu akavua kofia. Mama mmoja wa jirani alileta rambirambi, Sh 5,000 ndani ya bahasha, na ilikuwa kazi kumrudishia. Kwa wiki 2 hakuna aliyeketi meza zile, na kilo za mbuzi zilishuka hadi Dada akanipigia simu kuniuliza kama mimi nimewahi kula nikitazamana na jeneza. Likafunikwa rangi. Sasa kuna shina la ulezi, na wateja wanadhani ni ngano.

Uchambuzi

Nilichokosea zaidi si ukuta. Siku ya kikao, kabla Bibi hajasema, nilisoma orodha ya J kwa sauti: jina, chupa kwa mwaka, thamani. Niliona ni uwazi. Shangazi aliona ni kuwavua watu nguo mbele ya wakwe zao, akanyanyuka akaenda jikoni, na ilibidi Dada amfuate. Namba zile zingetosha kuonyeshwa kwa jumla. Nadhani kama Shangazi asingerudi tusingejua kuhusu kengele za chupa.

Kilichofanya kazi ni kuichukua hadithi kama ningechukua mkataba. Ilikuwa na wahusika, ilikuwa na malipo, na ilikuwa na muda usio na mwisho. Wenzangu wengi wakikuta bia za bure wanaandika "matumizi ya mwenye mali" wanapita. Hapa ungepita ungeacha robo ya faida bila kujua inakwenda wapi, maana haikuwa ikienda kwa mwenye mali. Ilikuwa ikienda kwa kila aliyejua kusimulia. Kadiri Mzee alivyosimulia vizuri, ndivyo watu walivyozidi kuingia kwenye lori, na kila aliyeingia alishuka na kiu.

Mpangilio nao ulisaidia. Tungeanza na hisa, Kaka Mkubwa angejilinda, na Dada angesema yale aliyoyameza kwa miaka. Tulianza na jeneza. Watu walikuwa wanacheka Bibi alipotaja fedha ya mbege, na aliyekuwa akicheka hakupata nafasi ya kupinga. Sijui kama hilo ni haki sana kwa Kaka Mkubwa. Aliingia kikaoni mrithi wa shujaa, akatoka mtoto wa mama mwenye ulezi, na kwa wiki kadhaa alikuwa mkimya kaunta. Siku moja alinionyesha mahali pa jozi ya matundu, akaweka kidole, akasema baba yake alikuwa akimkalisha palepale akiwa mdogo. Sikuwa na la kumjibu, nikahesabu chupa tupu.

Udhaifu uliobaki ni kwamba kila kitu kinaegemea kumbukumbu ya Bibi. Niliwashauri waandike maelezo yake, asaini, yawekwe pamoja na muhtasari wa kikao. Wameahidi. Bado hawajafanya, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu Bibi amegundua utamu wa kusikilizwa. Siku hizi anakuja Dar kila baada ya miezi michache, anawekewa kiti chenye mto karibu na jiko, na watu wanamzunguka. Mara ya mwisho nilipomsikia, askari wa kizuizini alikuwa amesaidia kulisukuma jeneza lipande lori lilipokwama.

Kijana mmoja pale kaunta aliinua kichwa, akauliza yule askari alikuwa anaitwa nani.